Thredi za ndani kwenye lethi ndogo: nati ya gilendi kwa mkono na kwa kuhesabu

Nahodha mmoja wa Pangani alinipigia simu akitaka nati ya gilendi, ile nati kubwa ya shaba inayobana pakingi pale shafti ya propela inapotokea kwenye boti. Ya zamani ilikuwa imepasuka. Nikamuuliza bomba la shafti lina kipenyo gani juu ya thredi. "Arobaini na mbili, fundi. Nimepima kwa vernia." Nikapiga hesabu ya kichwani: mm 42, injini ya Kichina, basi ni M42, thredi ya milimita, kwa pichi ya 2 (pichi ni umbali kutoka jino hadi jino). Nikashinda mashineni kutwa. Akaja Tanga, akaichukua, akarudi nayo Pangani, karibu kilomita 50. Jioni simu ikalia: imeingia mizunguko miwili, ikagoma.

Kosa lilikuwa langu mimi, si la nahodha. Bomba lile lilichongwa zamani na fundi aliyetumia thredi za bomba, BSP (kipimo cha Kiingereza cha thredi za mabomba) ya inchi moja na robo. Hiyo kipenyo chake cha nje ni mm 41.91, ina meno 11 kwa inchi, na pembe ya jino ni digrii 55. M42×2 ina pembe ya digrii 60. Kwa vernia hizi ni pacha. Kwa nati ni watu wasiojuana kabisa.

Nati ya pili niliikata vizuri, na hiyo ndiyo nitakayoeleza hapa. Lethi yangu ni ndogo, ya kuweka mezani, ya Kichina, inazungusha kitu cha mm 180, tundu la spindo (shafti kuu inayozungusha kazi) mm 20, lidiskrubu (skrubu ndefu inayosukuma kisu) ya pichi ya mm 1.5. Ukiwa nayo ya aina hiyo, namba nyingi utazichukua kama zilivyo.

Kwanza jua unakata nini

Usiulize kipenyo peke yake. Mwambie mwenye kazi alaze rula ya chuma juu ya thredi na akupigie picha. Hesabu kutoka ncha ya jino la kwanza hadi ncha ya jino la kumi na moja, yaani nafasi kumi. Ikiwa ni mm 20 kamili, pichi ni 2. Ikiwa ni mm 23 na kidogo, ni meno 11 kwa inchi, pichi ya mm 2.309. Tofauti ya milimita tatu inaonekana hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Ukiwa na pichi geji ni bora zaidi, lakini chukua zote mbili, ya milimita na ya inchi, maana geji ya milimita peke yake itakulazimisha uone milimita.

Vipimo vya nati yangu: kipenyo cha ndani cha chini kabisa cha BSP hii ni mm 38.95, na kinaruhusiwa kupanda hadi mm 39.59. Mimi nilibori, yaani nilipanua tundu kwa kisu, hadi mm 39.2. Ukibana sana kwenye kipimo cha chini unajitafutia kazi ya ziada. Ncha za meno zikipungua kidogo nati haidhoofiki, na kisu chako kinapumua.

Gia

Hapa wengi hukata tamaa, kwamba lidiskrubu ni ya milimita na thredi ni ya inchi. Kikamilifu ungehitaji gia ya meno 127. Lakini ukipiga hesabu, 2.309 gawanya kwa 1.5 ni 1.539. Kwenye sanduku la gia zilizokuja na mashine nina 60, 30, 50 na 65. Gia ya 60 inaisukuma ya 30. Kwenye ekseli moja na hiyo 30 naifunga 50, nayo inaisukuma 65 iliyo kwenye lidiskrubu. Sitini kwa thelathini ni 2, hamsini kwa sitini na tano ni 0.769, zidisha, unapata 1.538. Pichi inayotoka ni mm 2.3077. Kwa nati yenye meno saba, kosa lote likijumlishwa halifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Hakuna bahari itakayoligundua.

Ila kumbuka hili: kwa kuwa thredi ya inchi na lidiskrubu ya milimita haziwiani, ukishaifunga nati ya nusu, ile ya mashine inayoshikanisha sadoli (gari linalobeba kisu) na lidiskrubu, usiifungue tena mpaka kazi iishe. Ile saa ya thredi iliyo ubavuni mwa sadoli haikusaidii kitu hapa. Unaenda mbele, unarudi nyuma, nati imefungwa vilevile.

Manivela

Nati ya gilendi haina tundu la kupita moja kwa moja. Ina sakafu, yenye tundu dogo la shafti. Maana yake kisu kinaingia ndani, kinafika ukutani, na hukioni. Zamani nilijaribu kwa mota, kasi ya chini kabisa, mkono kwenye swichi. Siku moja nilipiga chafya. Gia za mashine hizi ni za plastiki. Nilizipata vipande chini ya meza.

Tangu hapo thredi za ndani nazungusha kwa mkono. Nilichukua kipande cha shafti, nikakikereza hadi kiingie kwenye tundu la spindo kwa nyuma bila kucheza, nikakipasua kwa msumeno upande mmoja, nikatoboa katikati na kupitisha bolti yenye kichwa cha koni kinachokitanua ndani ya spindo. Upande wa nje nimechomelea mkono wa nondo wenye kipande cha mpini wa jembe. Basi, manivela. Umeme ukikatika kazi inaendelea, jambo ambalo lina thamani yake huku kwetu.

Mambo mawili kabla ya kuishika. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Manivela ikizungushwa na mota inavunja mkono. Halafu weka liva ya gia za spindo katikati, huru, ili usiburute mota bure. Lidiskrubu itaendelea kuzunguka kwa sababu gia zake zinatoka kwenye spindo yenyewe.

Kuandaa tundu

Chuma chenyewe: tumia shaba nyeusi, yaani bronzi. Shaba njano ina zinki, na maji ya chumvi huinyonya zinki ile hadi nati inabaki kama biskuti. Nilikata kipande cha duara cha mm 60, nikakifunga kwenye chaki ya taya tatu, nikasafisha uso.

Drili kwenye bronzi ina tabia ya kujivuta ndani kama parafujo kwenye gome. Ua makali yake kwanza: kwa jiwe dogo sugua ukingo wa mbele wa midomo miwili hadi uwe wima, uso mwembamba tu wa nusu milimita. Nikatoboa 8, 16, kisha 22, halafu nikabori moja kwa moja hadi 25.5 maana shafti ni 25. Kasi ilikuwa kama mizunguko 300 kwa dakika, mkavu, bila mafuta.

Kisha nikabori chumba cha thredi: mm 39.2, kina cha mm 20. Mm 16 za kwanza ni za thredi, na mm 4 za mwisho nikachimba mfereji wa kipenyo cha 42.3. Mfereji huu usiuone kama pambo. Hapo ndipo kisu kinapomalizia safari yake, na bila hapo jino la mwisho litavunja ncha ya kisu kila mara. Milimita nne ni karibu pichi mbili, na kwa manivela zinatosha. Kwa mota ningetaka mara mbili yake.

Jambo moja zaidi mdomoni mwa tundu, nalo nalipenda kuliko yote: bori kidato kidogo cha kipenyo cha mm 41.9, kina cha milimita moja tu. Hicho ndicho kipenyo cha mabonde ya thredi. Baadaye, ncha ya kisu itakapoanza kukikwaruza kidato hicho, umefika kina kamili, na hilo utaliona kwa macho hata kama huoni kitu kingine.

Kisu

Baa yangu ni ya mm 12, na imetoka nje ya kishikio mm 28, si zaidi. Baa ikitoka zaidi ya mara nne ya unene wake huanza kuimba, na baa inayoimba haikati thredi, inachora mawimbi. Ncha ni kipande cha haispidi, chuma kigumu cha visu, nilichokinoa mwenyewe kwa pembe ya 55, uso wa juu tambarare kabisa kwa sababu ya bronzi, na ncha nikaizungusha kwa jiwe la mkono kiasi cha mm 0.3. Chini ya ncha inabidi pachongwe kwa mviringo, la sivyo kisigino cha kisu kitagusa ukuta wa tundu kabla ya makali. Hili linawapata sana waliozoea thredi za nje: wanaona kisu hakikati, wanasukuma zaidi, kumbe kinasugua kwa kisigino. Paka ukuta wino wa maka peni, gusisha kisu, zungusha kidogo, angalia ni sehemu gani ya kisu imechukua wino.

Ncha iwe usawa wa senta au juu yake unywele mmoja, kwa kuwa baa ikibanwa na kazi hushuka kidogo. Kunyoosha kisu, tumia senta geji ya digrii 55, kile kibati chenye mapengo ya V: ubavu wake mrefu uulaze kwenye uso wa kazi uliosafishwa, pengo la V la mwisho wa geji litatazamana na ncha. Weka karatasi nyeupe chini yake, mwanga usipenye upande wowote wa ncha.

Slaidi ya juu, ile ndogo inayobeba kishikio cha kisu, nimeiweka sambamba na kitanda cha mashine, wala siitegi pembe kama vitabu vinavyofundisha. Nitaihitaji mwishoni kwa kazi nyingine.

Kuzunguka kumi

Sasa weka ncha ya kisu mm 5 nje ya uso wa kazi. Funga nati ya nusu. Zungusha chaki mpaka taya namba moja iwe juu, chora alama ya chaki ya ubaoni mbele yake kwenye mwili wa mashine. Kutoka hapo hadi katikati ya mfereji ni mm 23, na pichi ni 2.3, kwa hiyo ni mizunguko kumi kamili. Hii ndiyo raha ya manivela: huhitaji kuona ndani, unahesabu. Mimi huhesabu kwa sauti, na kijana wangu wa kazi ananicheka. Kwa usalama nimepaka pia mstari mweupe wa rangi ya kufutia maandishi juu ya baa, mm 18 kutoka kwenye ncha. Mstari ukifika usawa wa uso wa nati, simama hata kama hesabu imekupotea.

Tafuta sifuri: kisu kikiwa ndani kidogo kupita kidato, vuta kroslaidi, ile slaidi inayokatiza kitanda, kuja kwako hadi ncha iguse wino, weka pete ya namba kwenye sifuri. Ndiyo, kuja kwako. Kwenye thredi za ndani kila kitu kimegeuzwa: kukata ni kuvuta, kutoa ni kusukuma. Akili inalijua, mkono haulijui. Andika kwa chaki ya ubaoni kwenye kroslaidi "VUTA = KATA" na usione haya. Mara moja tu nilitoa kisu upande usio wake mwisho wa mzunguko wa kumi, na jino zuri lote likawa na jeraha.

Safari moja iko hivi. Kumi mbele, polepole, ukisikiliza. Simama kwenye mfereji. Sukuma kroslaidi mizunguko miwili ili kisu kiachane na ukuta. Kumi na moja nyuma. Moja mbele, ili gia zote zikae upande wa kusukumia na mchezo wake uishe. Sasa umerudi pale pale ulipoanzia. Vuta kroslaidi hadi namba ya safari iliyopita na uongeze kidogo, ukija daima kutoka upande mmoja. Ukiipita namba usirudi kijuujuu, sukuma nusu mzunguko kisha uje upya, maana skrubu ya kroslaidi nayo inacheza.

Safari ya kwanza iwe ya kukwaruza tu, 0.05. Toa kisu, kata kipande cha sabuni ya mche, kikandamize kwenye ukuta wa ndani, kitoe. Mikwaruzo yote imejichapa pale. Pima kwa rula au pichi geji. Kama gia umezipanga vibaya, sasa ndipo pa kujua, si baada ya saa mbili. Siku ya nati ya kwanza sabuni ingeniambia kwamba nimekata pichi ya 2 kamili, na ningejisifu bure. Sabuni haijui boti iko na thredi gani.

Baada ya hapo nilikwenda hivi: 0.20 mara mbili, 0.15 mara mbili, 0.10 mara tatu, jumla milimita moja. Halafu 0.05 kila safari. Kisu cha V kadiri kinavyozama ndivyo kinavyokata kwa upana zaidi, kwa hiyo mwanzoni unakata kwa furaha na mwishoni kwa adabu. Mkono kwenye manivela utakuambia. Ukihisi inagoma kisha inaachia ghafla, umechukua nyingi. Rudi nusu ya hapo. Chenga za bronzi ni kama unga wa mahindi yaliyoparazwa, zinajaa kwenye mfereji. Zitoe kwa brashi ya meno kila safari ya tatu, usizipulize kwa mdomo, zitakurudia machoni.

Kutoka 39.2 hadi 41.91 ni mm 2.71 kwa kipenyo, yaani kisu kinasafiri kama mm 1.36. Nilipofika 1.30 nikaacha kuongeza na kupitisha safari tatu bila kuvuta chochote. Safari ya kwanza ilitoa chenga, ya pili vumbi, ya tatu karibu kitu hakuna. Hiyo ni baa inajinyoosha. Kila ulipokata ilijipinda kidogo, na deni lile sasa inalilipa. Baada ya hapo nikaongeza 0.025 moja moja mpaka kidato cha mdomoni kikaanza kung'aa mstari.

Kujaribu

Usiifungue nati kwenye chaki kabla hujaijaribu. Ukishaifungua, kuirudisha mahali pale pale, kwa mzunguko ule ule, ni kazi ya malaika. Bomba la boti liko Pangani, haliji, kwa hiyo nilikuwa nimekereza mapema kipande cha chuma laini chenye thredi ya nje ya vipimo vile vile: 41.9 na meno 11. Hicho ndicho kipimo changu, nacho nakihifadhi kwenye kopo la maziwa pamoja na vingine. Usidanganyike na nipeli ya bomba la maji ya inchi moja na robo. Nipeli nyingi zimechongwa kwa mteremko, nyembamba mbele na nene nyuma. Itaingia mizunguko michache ikaze, nawe udhani nati yako haijafika, uzidi kukata, uiharibu.

Sogeza sadoli nyuma bila kufungua nati ya nusu, kwa kuzungusha manivela tu, mpaka kipimo kipate nafasi ya kuingia. Changu kiliingia mzunguko mmoja na nusu kikawa kigumu. Kidato kilikuwa tayari kinakwaruzwa, hivyo kina kilitosha. Kilichobana ni mbavu za meno. Hapa ndipo slaidi ya juu inapofanya kazi yake. Niliisogeza kushoto 0.025, nikapitisha safari moja kwa kina kile kile. Nikairudisha, nikaipeleka kulia 0.025 kupita pale ilipokuwa, nikapitisha tena. Bonde likatanuka kwa upana bila kuzama. Kipimo kikaingia kwa vidole vitatu hadi mwisho, kikitikisika kidogo kama kifuniko cha chupa ya asali. Kwa nati ya boti ndivyo ninavyotaka, sababu itafungwa na mtu aliyelala kifudifudi kwenye maji ya mafuta huku boti ikiyumba.

Sehemu ya nje nilichonga makona sita kwa tupa na msumeno, kazi ya jioni isiyohitaji maelezo. Ukingo wa jino la kwanza, ule mwembamba kama wembe, uondoe kwa tupa ndogo; usipouondoa utajikunja siku ya kwanza na kuingia kati ya meno.

Safari hii nilikwenda Pangani mwenyewe, na kopo la grisi mfukoni. Nati ikaingia kwa mkono mpaka ikagusa pakingi. Nahodha akachukua spana kubwa akataka kuikaza. Nikamzuia. Gilendi ya pakingi shafti ikiwa inazunguka inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika, maji hayo ndiyo yanayoipoza; ukiikaza ikauke, pakingi inaungua na shafti inachimbika. Tukawasha injini, akachuchumaa na tochi ya simu akihesabu matone, na mara hii alinipa namba yenyewe: matatu.